Kusomea Saikolojia ya Makuzi Uzamili na Uzamivu: Mwongozo Kamili, Kuanzia Swali hadi Utetezi

Wengi wanaoniomba ushauri kuhusu masomo haya huanza na chuo: kipi kizuri, kipi kina ufadhili, kipi hakisumbui kuingia. Mimi huwarudisha nyuma kidogo. Unataka kuona nini kikibadilika? Kwa watu wa umri gani? Na utajuaje kwamba kimebadilika kweli? Mwenye majibu ya maswali hayo matatu, hata yakiwa bado ya kukisia, chuo atakipata. Asiyekuwa nayo anaweza kukipata pia, ila mwaka wa pili utamkuta angali anatafuta mada. Na katika fani hii muda ni mali, maana watoto hawakungojei. Aliyekuwa na miezi 9 ulipoanza kuandika pendekezo atakuwa anatembea na kutaja majina ya vitu kabla kamati ya maadili haijakujibu.

Kwanza, hakikisha ndiyo fani unayoitaka

Saikolojia ya makuzi huchunguza jinsi binadamu anavyobadilika katika kufikiri, kuhisi, kuzungumza na kuishi na wenzake, tangu tumboni hadi uzeeni. Kazi yake kuu ni utafiti. Ukitaka kukaa na mtoto mwenye tatizo, umpime na kumtibu, njia yako ni saikolojia ya kitabibu. Ukitaka kuwasaidia wanafunzi shuleni, tazama saikolojia ya elimu au ushauri nasaha. Kwa kawaida shahada ya makuzi peke yake haimpi mtu leseni ya kutibu, na nimeona watu wakiligundua hilo tasnifu ikiwa imeshachapwa. Kwa hiyo kabla ya kujaza fomu yoyote, soma masharti ya leseni ya nchi unayokusudia kufanya kazi. Yasome kwenye tovuti ya bodi inayotoa leseni yenyewe, kwa sababu vipeperushi vya chuo huandikwa kwa lengo la kuvutia wanafunzi.

Wahitimu wa makuzi hufundisha na kutafiti vyuoni, hutathmini miradi ya malezi na elimu ya awali, huandaa mitaala na vipindi vya watoto, na wengine huchambua data za afya ya jamii.

Hatua ya 1: Tafuta swali lenye badiliko ndani yake

"Uhusiano kati ya malezi na tabia za watoto" ni kichwa cha habari tu. Hata ukiongeza "wa miaka 4 hadi 6" bado hujasema kitu gani kinasogea kutoka wapi kwenda wapi. Chukua mfano wa zamani. Mwaka 1983 Heinz Wimmer na Josef Perner waliwasimulia watoto kisa cha Maxi, aliyeweka chokoleti kwenye kabati moja kisha akatoka. Hayupo, mama yake akaihamishia kabati jingine. Maxi akirudi ataitafuta wapi? Watoto wa miaka 3 kwa kawaida huelekeza pale chokoleti ilipo sasa. Wa miaka 4 au 5 wengi huelekeza pale Maxi anapodhani ipo. Hapo kuna badiliko lenye umri wake, na papo hapo maswali yanazaana: ni lugha inayokua, ni uwezo wa kuzuia jibu la haraka, au ni uelewa wenyewe wa fikra za mwingine? Tasnifu nyingi sana zimetoka kwenye pengo hilo la mwaka mmoja au miwili.

Ukishapata badiliko, shuku kipimo. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, aliona kwamba mtoto wa chini ya miezi 8 hivi hatafuti kitu kilichofunikwa kitambaa, akahitimisha kwamba kwa mtoto huyo kitu kisichoonekana hakipo. Mwaka 1985 Renée Baillargeon na wenzake waliacha kumtaka mtoto anyooshe mkono. Walipima muda anaotazama jambo lisilowezekana, ubao unaopita kana kwamba boksi lililo nyuma yake limeyeyuka, na watoto wa miezi 5 walitazama zaidi. Mtoto ni yuleyule, jibu likawa jingine kwa kuwa aliulizwa macho badala ya mikono. Bado watu wanabishana kama kutazama muda mrefu maana yake ni kuelewa, au ni kuvutwa tu na kitu kipya. Ukiweza kueleza mabishano hayo kwa maneno yako mwenyewe, uko tayari kuomba nafasi.

Zoezi la kufanya wiki hii: chagua makala 10 kutoka majarida ya Child Development, Developmental Science, Developmental Psychology au Infancy. Usianzie muhtasari. Anza na sehemu ya mbinu, na kwa kila makala andika mistari minne: umri wa washiriki, kilichopimwa, badiliko lililodaiwa, na maelezo mengine ambayo waandishi hawakuyafunga. Kufikia makala ya saba au ya nane utaona unarudia jambo moja kwenye mstari wa nne. Jambo hilo huenda ndiyo mada yako.

Hatua ya 2: Uzamili kwanza, au uzamivu moja kwa moja

Hili hutegemea nchi. Marekani, programu nyingi za uzamivu hupokea wenye shahada ya kwanza, huchukua miaka 5 au 6, na mara nyingi hulipa ada na posho kwa mwanafunzi anayefundisha au kusaidia utafiti. Maombi mengi hufungwa Desemba kwa masomo ya mwaka unaofuata. Uingereza, uzamili ni mwaka mmoja na uzamivu miaka 3 hadi 4, na ufadhili huombwa kwa njia yake yenyewe. Ujerumani na Uholanzi nafasi ya uzamivu mara nyingi hutangazwa kama ajira yenye mshahara, na uzamili unahitajika.

Ushauri wangu: kama hujawahi kushika data ya utafiti kwa mikono yako, anza na uzamili. Kama umeshafanya kazi kwenye maabara mwaka mmoja au miwili na swali linakuwasha, uzamili wa kujilipia unaweza kuwa mzunguko usio wa lazima.

Hatua ya 3: Msimamizi kabla ya chuo

Jina la chuo litakaa kwenye cheti. Lakini msimamizi ndiye atakayeamua kama utapata watoto wa kutafiti, kama rasimu yako itasomwa baada ya wiki moja au miezi minne, na jina la nani litatangulia kwenye makala. Katika fani hii kuna jambo la ziada: maabara nzuri ya watoto huwa na orodha ya familia zilizokubali kuitwa, wasaidizi waliozoea, na uhusiano wa miaka mingi na shule na kliniki. Mwanafunzi anayeanza bila hivyo hutumia mwaka mzima kubisha hodi milangoni.

Andaa orodha ya majina 8 hadi 12. Yatoe kwenye zile makala 10, ukitazama nani anazitaja na nani anazipinga. Kwa kila jina, angalia machapisho ya miaka mitatu iliyopita, maana mtu aliyesifika kwa utafiti wa watoto wachanga huenda siku hizi anachunguza vijana balehe. Angalia pia kama wanafunzi wake ni waandishi wa kwanza kwenye makala zake, na kama waliotangulia walimaliza.

Kisha mwandikie, kwa ufupi. Barua isiyozidi aya tatu ingetosha kusema hivi:

"Profesa, nimesoma makala yenu kuhusu watoto wanavyojifunza maneno mapya kwa kufuata macho ya mzungumzaji. Nilijiuliza kama matokeo hayo yangebaki yaleyale kwa watoto wanaolelewa na watu wengi kwa zamu, ambako mzungumzaji hubadilika mara kwa mara. Nimefanya kazi ya kusimba video za mazungumzo ya wazazi na watoto kwa miezi minane, na natumia R kwa uchambuzi. Je, mnatarajia kupokea mwanafunzi mwakani? Nimeambatanisha wasifu wangu."

(Kusimba ni kukipa kila kitendo au neno kwenye video alama ya kuhesabika; R ni programu ya takwimu.) Barua hiyo haina sifa za kumwagia mtu, wala maelezo ya jinsi ulivyopenda watoto tangu utotoni. Asipojibu baada ya wiki mbili, mkumbushe mara moja, kisha songa mbele. Ukimya wa profesa kwa kawaida una maana ya sanduku la barua lililofurika.

Akikubali kuzungumza nawe, omba pia kuongea na mwanafunzi wake mmoja bila yeye kuwepo. Muulize mwanafunzi huyo: mnakutana mara ngapi, data ni ya nani mtu akiondoka, na mara ya mwisho wewe na profesa mlipotofautiana, mliamuaje? Sikiliza anavyosita kuliko anavyosema.

Hatua ya 4: Faili la maombi

Nakala za matokeo haziwezi kubadilika tena, basi usizihangaikie. Barua za mapendekezo ziombe mapema, angalau wiki sita kabla, na umpe mwandishi wasifu wako, rasimu ya maelezo yako na mambo mawili mahususi uliyoyafanya chini yake. Barua inayosema "alikuwa mwanafunzi mwenye bidii" haikusaidii. Inayosema ulikaa na video 40 na ukagundua kwamba mwongozo wa usimbaji unagongana na wenyewe, hiyo ina uzito.

Maelezo binafsi yaanze na swali lako, yaeleze ulichofanya kulikaribia, yamalizie na sababu ya kuchagua watu wa idara hiyo. Kisa cha utotoni kiruhusu kama kinaeleza swali, vinginevyo kiache.

Kama huna uzoefu wowote, kuna mlango ambao haupigi kelele: hifadhi za data zilizo wazi. CHILDES, iliyoanzishwa mwaka 1984 na Brian MacWhinney na Catherine Snow, ina mazungumzo ya watoto katika lugha nyingi. Chukua data hiyo, uliza swali dogo, chambua, andika kurasa tano. Kamati ya udahili itaona mtu aliyekwisha kuanza.

Hatua ya 5: Mwaka wa kwanza, jifunze kuhesabu na kutazama

Nadharia utazisoma tu, kozi zitakulazimisha. Kinachowakwamisha wengi ni takwimu. Jifunze R tangu wiki ya kwanza. Kisha jifunze modeli za ngazi, zinazotambua kwamba vipimo vitano vya mtoto mmoja si sawa na watoto watano, na kwamba watoto wa darasa moja wanafanana. Jifunze pia kuchukulia umri kama namba. Kuwagawa watoto kuwa "wadogo" na "wakubwa" kunatupa taarifa uliyoihangaikia. Andika umri kwa siku. Na kwa watoto waliozaliwa kabla ya wakati, hesabu umri uliorekebishwa: aliyetangulia miezi miwili, akiwa na miezi 6 hutazamwa kama wa miezi 4, kwa kawaida hadi afikishe miaka 2.

Upande wa kutazama, jifunze kusimba video. Programu ya ELAN ni ya bure. Wasimbaji wawili wasiojua nadharia tete wasimbe sehemu ileile ya video, mara nyingi robo yake hivi, kisha upime makubaliano yao kwa kappa ya Cohen, kipimo kinachoondoa makubaliano ya kubahatisha. Wasipokubaliana, msiwalaumu wasimbaji. Kanuni zenu hazijaeleweka.

Hatua ya 6: Chagua muundo unaoweza kuumaliza

Ukilinganisha watoto wa miaka 3, 4 na 5 kwa wakati mmoja, utamaliza upesi, ila utakuwa umelinganisha watoto tofauti. Badiliko la mtoto hujaliona. Ukiwafuatilia walewale kwa miaka, utaliona badiliko, ila familia zitahama, na wanaohama huwa hawafanani na wanaobaki. Utafiti wa Dunedin, New Zealand, ulioanza na watoto 1,037 waliozaliwa mwaka 1972 na 1973, bado uliwapata zaidi ya asilimia 90 ya walio hai walipofika miaka 45. Wewe huna miaka 45 ya kusubiri. Njia ya kati ni kuanza na makundi mawili au matatu ya rika na kuyafuata mwaka mmoja hadi miwili, mpaka kundi la wadogo lifikie umri waliokuwa nao wakubwa mwanzoni.

Kwa uzamili, zingatia kwa dhati data zilizopo. Utafiti wa ALSPAC wa Bristol, Uingereza, ulifuata mimba zaidi ya 14,000 za miaka ya 1991 na 1992. Utafiti wa Young Lives umewafuata watoto wapatao 12,000 wa Ethiopia, India, Peru na Vietnam. Kuomba ruhusa huchukua muda, lakini ni mfupi kuliko kusubiri watoto wakue.

Chochote utakachochagua, sajili mpango wa uchambuzi kabla ya kuona data, yaani uuweke kwenye hifadhi ya mtandaoni ukiwa na tarehe. Fani hii imeshaungua. Majaribio ya mwanasaikolojia Walter Mischel, ambapo mtoto huachwa na peremende laini na kuahidiwa ya pili akisubiri bila kuila, yalisifiwa miaka mingi kama kipimo kinachotabiri mafanikio ya baadaye. Mwaka 2018 Tyler Watts na wenzake waliyarudia kwa kundi kubwa zaidi na la familia za hali mbalimbali, na uhusiano ule ukapungua hadi nusu. Walipozingatia mazingira ya nyumbani, ukabaki kidogo sana.

Hatua ya 7: Maadili

Ombi la kibali cha maadili usilichukulie kama karatasi za kugongwa muhuri. Mzazi hutoa ridhaa kwa maandishi, na mtoto anayeweza kuelewa huulizwa naye kwa lugha yake, bila mzazi kumjibia. Mtoto mchanga hawezi kusema hapana, lakini anageuza kichwa, analia, anatambaa kuelekea mlangoni. Andika kwenye ombi lako ni ishara zipi zitakufanya usitishe, na baada ya muda gani.

Mambo mawili husahauliwa. Moja, utafanya nini mtoto akikuambia anapigwa au anaguswa vibaya? Uwe na jina la mtu wa kumpigia na hatua zilizoandikwa kabla hujakutana na mtoto wa kwanza, na fomu ya ridhaa imweleze mzazi kwamba usiri una mpaka. Pili, mzazi atakuuliza, akiwa na wasiwasi usoni, "Mwanangu yuko sawa?" Kipimo cha utafiti hakikupi haki ya kumjibu ndiyo wala hapana. Andaa sentensi ya ukweli na orodha ya mahali anapoweza kupata uchunguzi halisi.

Weka pia kisanduku kwenye fomu: je, tunaweza kuwasiliana nanyi tena? Nilikisahau kwenye utafiti wangu wa kwanza. Miaka miwili baadaye nilikuwa na swali zuri, na sikuwa na ruhusa ya kumpigia simu mzazi hata mmoja.

Hatua ya 8: Kukusanya data

Hapa ratiba zote hufa. Kadiria muda utakaohitaji, kisha uuzidishe mara mbili. Watoto wachanga husinzia, huharisha, hukataa kiti. Sehemu ya data utaitupa, kwa hiyo hesabu ya sampuli iongezewe hao mapema, na sababu za kumtoa mtoto kwenye uchambuzi ziandikwe kabla ya kuona alivyofanya.

Panga miadi kwa saa ya mtoto. Muulize mzazi analala saa ngapi na anakula saa ngapi, halafu mpokee kati ya hapo. Dakika 10 za kwanza zisiwe na kipimo. Kaa sakafuni, cheza, mwache akuzoee. Mary Ainsworth, mtafiti wa mshikamano wa mtoto na mlezi wake, kabla ya kubuni kile kipimo chake maarufu cha vipindi 8 vya mtoto kuachwa na kurudiwa na mama, alishatumia miezi mingi miaka ya 1950 akizitembelea familia nyumbani kwao, Uganda. Maabara ilikuja baadaye. Na wewe tazama watoto katika maisha yao ya kawaida kabla ya kuwapima, utajua ni maswali yapi ya kipuuzi.

Jihadhari na mzazi aliyempakata mtoto. Mwaka 1907 Oskar Pfungst alionyesha kwamba farasi Hans, aliyedaiwa kujua hesabu, alikuwa akisoma miondoko midogo ya watu waliomzunguka bila wao kujua. Mtoto ni mwerevu kuliko farasi. Mzazi afumbe macho au avae vipokea sauti, na wewe unayepima, ikiwezekana, usijue mtoto yuko kundi lipi.

Ukitafsiri kipimo, usitosheke na tafsiri ya kwenda na kurudi. Kaa na watoto watano, waombe wakueleze walivyoelewa kila swali. Mtoto aliyezoea kwamba mkubwa haulizi anachokijua tayari, ukimwonyesha kikombe na kumuuliza "hiki ni nini?", anaweza kunyamaza kwa heshima, nawe ukaandika sifuri.

Hatua ya 9: Kuandika na kutetea

Andika sura ya mbinu wakati unakusanya, ingali kichwani. Sura ya matokeo iseme kwanza ulichosajili, kisha kwa kichwa tofauti ulichokigundua njiani. Chora kila mtoto kama nukta au mstari wake kabla ya kuchora wastani, kwa sababu wastani unaopanda polepole unaweza kuwaficha watoto ambao kila mmoja aliruka ghafla kwa wakati wake.

Kwenye utetezi, tarajia kuulizwa: kipimo chako kinapima kitu kilekile kwa wa miaka 3 na wa miaka 6? Walioacha katikati walitofautiana vipi na waliobaki? Matokeo haya ni ya watoto gani hasa? Mwaka 2010 Joseph Henrich, Steven Heine na Ara Norenzayan walionyesha jinsi saikolojia ilivyozoea kuwatafiti watu wa jamii chache tajiri za Magharibi na kuwatangazia binadamu wote, na tangu hapo watahini wengi hawaliachi swali hilo. Jibu kwa takwimu za sampuli yako, useme wazi mpaka wake uko wapi. Baada ya marekebisho, kabla hujachukua likizo, andika ukurasa mmoja wa lugha nyepesi ukieleza ulichokipata, na uutume kwa kila familia iliyokuletea mtoto.